Kompyuta kuukuu ikitoa mistari kwenye kioo, usikimbilie kupiga Windows upya

Na Mwandishi Wetu

MISTARI inayokatiza kioo kutoka juu hadi chini, vidoti vya rangi vinavyotapakaa juu ya maandishi, picha inayotetemeka, au kioo kinachozimika ghafla huku feni ikiendelea kuvuma, ni dalili ambazo watumiaji wengi wa kompyuta za mezani zilizozeeka wanazifahamu vyema.

Ofisi ndogo, shule na maduka ya steshenari mijini bado yanazitegemea mashine hizo, nyingi zikiwa zimenunuliwa mtumba baada ya kutumika kwa miaka kadhaa nje ya nchi. Kwa mwenye duka anayeendesha shughuli zake kwa kompyuta moja, siku bila kioo ni siku bila kipato. Barua hazichapwi, vyeti havitolewi nakala, na wanafunzi waliokuja kujaza fomu za maombi ya mikopo huondoka kwenda duka la jirani.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi mara nyingi hutokea baada ya hapo, wakati wa kutafuta tiba ya haraka. Wapo wanaonunua kadi nyingine ya picha, kumbe kasoro ilikuwa ya waya. Wapo pia wanaokubali mashine "ipigwe Windows" upya, hatua ambayo ikifanywa bila kunakili mafaili kwanza huweza kufuta kazi ya miaka mingi, na bado mistari ikabaki pale pale.

Kasoro ya picha ni miongoni mwa kasoro za kompyuta ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuzifuatilia kwa macho yake, bila kifaa cha gharama. Kinachotakiwa ni utaratibu: kuanza na yasiyo na gharama, kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kutogusa diski yenye mafaili mpaka dalili zielekeze huko.

Safari ya picha

Ili kuelewa mahali kasoro inapoweza kujificha, ni vyema kufahamu jinsi picha inavyofika kwenye kioo. Programu inayotumika hutoa maelekezo. Draiva, yaani programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa, huyatafsiri. Chipu ya picha huchora kila nukta na kuiweka katika kumbukumbu. Kisha picha hutoka kupitia tundu lililo nyuma ya kasha, ambalo mitaani huitwa sipiyu, husafiri katika waya na kupokewa na monita.

Kiungo chochote katika mlolongo huo kikilegea, anachokiona mtumiaji ni kile kile: picha mbovu. Ndiyo maana kutazama kioo na kutamka papo hapo kuwa kadi imekufa hakuna tofauti na kutoa dawa ya malaria kwa kila mwenye homa bila kupima damu.

Aidha, chipu ya picha haikai mahali pamoja katika kompyuta zote. Katika kompyuta nyingi za ofisi, chipu hiyo imejengwa ndani ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, au ndani ya prosesa yenyewe. Chipu ya aina hiyo huazima sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani ramu. Kompyuta nyingine zina kadi ya picha inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake na mara nyingi feni yake, iliyochomekwa juu ya ubao mkuu.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Tundu la monita likiwa pamoja na matundu ya kipanya, kibodi na spika, picha inatoka kwenye ubao mkuu. Likiwa peke yake katika ukanda wa chuma uliojitenga na matundu hayo, picha inatoka kwenye kadi. Kasha likiwa na matundu ya aina zote mbili, waya unapaswa kuwa kwenye kadi, kwa kuwa kompyuta nyingi huzima tundu la ubao mkuu mara kadi inapowekwa. Si ajabu kioo kuwa cheusi baada ya usafi wa ofisi kwa sababu tu waya ulirudishwa kwenye tundu lisilofanya kazi.

Anza na waya na monita

Hatua ya kwanza ni kuzima vifaa vyote, kuchomoa waya wa monita pande zote mbili na kuukagua. Kompyuta nyingi za zamani hutumia waya wa VGA, mfumo ulioanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, wenye nafasi za pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. Pini iliyopinda inaweza kunyooshwa taratibu kwa koleo ndogo. Hata hivyo, mtumiaji asishtuke akikuta pini moja haipo katikati, kwa kuwa waya nyingi hutengenezwa bila pini ya tisa.

Rangi ya picha pia ni ushahidi. Waya wa VGA hupitisha nyekundu, kijani na buluu katika njia tatu tofauti. Njia ya nyekundu ikikatika, kioo kizima huelekea rangi ya maji ya bahari. Ikikatika ya kijani, picha huwa ya zambarau inayokaribia waridi, na ikikatika ya buluu, karatasi nyeupe huonekana ya njano. Picha ikibadilika rangi pale waya unapotikiswa, mshitakiwa wa kwanza ni waya huo au tundu lake, si kadi nzima.

Waya za kidijitali kama DVI, HDMI na DisplayPort huonyesha ubovu kwa namna nyingine. Mara nyingi picha hukatika kwa sekunde moja na kurudi, au vidoti vyeupe humetameta, au monita husema haipati ishara yoyote. Kuazima waya mwingine unaofanya kazi kwa dakika tano kunaweza kumaliza mjadala.

Jaribio la pili halihitaji kitu chochote. Monita nyingi zina vitufe vya kufungua menyu yake ya kurekebisha mwanga na rangi. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Iwapo mistari inapita hata juu ya menyu, au inabaki baada ya waya wa kompyuta kuchomolewa, kasoro ni ya monita. Menyu ikiwa safi huku picha iliyo nyuma yake imeharibika, uchunguzi unarudi kwenye waya na kompyuta.

Kioo bapa kinachoonekana cheusi nacho si lazima kiwe hakina picha. Mtumiaji anaweza kumulika kioo hicho kwa tochi ya simu kwa upande, chumba kikiwa na giza. Ikiwa maandishi yanaonekana kwa mbali, picha imefika ila taa za nyuma ya kioo ndizo zilizozimika. Hiyo ni kazi ya fundi wa monita, na kununua kadi mpya hakutaisaidia hata kidogo.

Wale ambao bado wana monita za chogo wanapaswa kuchukua tahadhari ya pekee. Mabaka ya rangi kwenye pembe za kioo mara nyingi husababishwa na sumaku ya spika iliyowekwa karibu, na huweza kutoweka spika zikihamishwa. Monita hizo zisifunguliwe na asiye fundi, kwani ndani yake hubaki umeme wa nguvu kubwa hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Lipo pia jaribio la picha ya kioo. Mtumiaji hubonyeza kitufe chenye maandishi PrtSc wakati kasoro inaonekana, hubandika picha hiyo katika programu ya kuchorea, huihifadhi na kuitazama kwenye simu au kompyuta nyingine. Mistari ikionekana hata huko, chanzo kiko ndani: draiva, chipu au kumbukumbu. Picha ikiwa safi, tatizo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kwenye tundu la kutolea picha, waya au monita.

Kabla au baada ya Windows?

Swali la pili muhimu ni la wakati: kasoro inaanza lini? Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows kuingia, huonyesha nembo ya mtengenezaji au maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Katika hatua hiyo draiva ya Windows haijaanza kazi. Mistari ikiwepo tayari, kupiga Windows upya hakuna maana, kwa kuwa ugonjwa umetangulia kuwepo kabla ya Windows yenyewe.

Iwapo nembo ni safi na kasoro inaanza baada ya Windows kuingia, draiva inakuwa miongoni mwa washukiwa. Njia ya kuthibitisha ni kuwasha kompyuta katika hali salama, ambayo mafundi huiita sefu modi. Katika Windows XP na Windows 7 hufikiwa kwa kubonyeza F8 mara kompyuta inapowaka. Katika Windows 10 hufikiwa kwa kushikilia kitufe cha Shift huku amri ya kuwasha upya ikitolewa.

Katika hali hiyo Windows hutumia draiva ya msingi na kuacha ile ya kadi. Picha ikitulia, ni dalili kuwa draiva imeharibika au haifai, ingawa kadi iliyochoka nayo huweza kutulia kwa sababu haifanyishwi kazi nzito. Dawa ni kuiondoa draiva iliyopo na kuweka nyingine kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu. Ikiwa kasoro ilianza baada ya Windows kujisasisha, kurejesha draiva ya awali hutosha mara nyingi.

Programu zinazojinadi kwenye intaneti kuwa zinatafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja ziepukwe, kwani baadhi yake huingiza draiva zisizohusika au programu hasidi.

Hali salama pia humsaidia aliyebadili ukubwa wa picha au kasi ya kioo kupita uwezo wa monita, akabaki na kioo cheusi au tangazo kuwa ishara iko nje ya kiwango. Monita nyingi bapa za zamani huchora picha mara 60 kwa sekunde. Mpangilio ukirejeshwa hapo, picha hurudi.

Dalili nyingine ni kioo kuzimika kwa sekunde chache, kisha kurudi na ujumbe kuwa draiva ya picha iliacha kujibu na imerejea. Utaratibu huo uliingizwa katika Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007. Mfumo husubiri takriban sekunde mbili, na chipu ya picha isipojibu huianzisha upya badala ya kuacha kompyuta nzima iganda. Mara moja kwa mwezi si jambo la kutisha. Kila siku, hasa mashine inapofanya kazi nzito, ni onyo la joto, umeme, draiva au kadi inayokaribia mwisho wake.

Watumiaji wa Windows 10 wanaweza pia kubonyeza kwa pamoja kitufe cha nembo ya Windows, Ctrl, Shift na B ili kuianzisha upya draiva ya picha bila kuzima kompyuta. Kioo kikirudi, waraka uliokuwa wazi unaweza kuhifadhiwa.

Kabla ya kukubali Windows ipigwe upya, lipo jaribio moja la mwisho. Mfumo wa Linux kama Ubuntu unaweza kuwekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo bila kusakinishwa na bila kugusa diski. Mistari ikiendelea ndani ya mfumo huo mwingine kabisa, Windows haina hatia.

Kilicho muhimu kwa mwenye mali ni kufahamu kuwa mafaili yake hayakai kwenye kadi ya picha. Yako kwenye diski. Kioo kuwa cheusi si ushahidi kuwa yamepotea, na diski hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine nzima ili yanakiliwe. Fundi anayepewa mashine aelezwe wazi, ikiwezekana kwa maandishi, kuwa haruhusiwi kufuta kitu kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Ndani ya kasha

Majaribio ya nje yakielekeza ndani, kompyuta izimwe, ichomolewe ukutani, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki. Anayeifungua aguse kwanza chuma tupu cha kasha, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini, ingawa hausikiki, unaweza kuharibu chipu.

Adui wa kwanza anayekutwa ndani ni vumbi. Likijaa katikati ya mapezi ya chuma ya kupozea chipu, joto hukosa pa kutokea. Dalili zake hufuata saa: asubuhi picha ni safi, baada ya nusu saa ya kazi vidoti huanza, na kompyuta ikipumzishwa hupona. Kadi nyingi hustahimili nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi zinapofanya kazi nzito. Joto linapokaribia nyuzi 100, kadi hupunguza kasi, huonyesha picha mbovu au huzima.

Vumbi lipeperushwe kwa blowa kutoka umbali wa kutosha, nje ya chumba. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke, kwani kuizungusha kwa kasi kubwa ya upepo huweza kuharibu beringi zake. Feni ya kadi ambayo haizunguki kabisa kompyuta ikiwaka na kuanza kazi nzito ibadilishwe, na grisi ya kupitishia joto iliyokauka ipakwe upya.

Adui wa pili, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ni unyevu wenye chumvi unaoshambulia sehemu za kugusana. Kadi ifunguliwe skrubu, kibanio kilicho mwisho wa nafasi yake kiachiliwe, kisha ivutwe wima. Meno yake yenye rangi ya dhahabu yafutwe taratibu kwa raba safi ya penseli, mabaki yaondolewe kwa brashi, na kadi irudishwe mpaka kibanio kilie. Kadi nzito za zamani pia huning'inia na kulegea taratibu kwa uzito wake, na kuzichomeka upya peke yake kumeponya mashine nyingi.

Ramu nazo zifanyiwe vivyo hivyo, moja baada ya nyingine. Kwenye kompyuta inayotumia chipu ya ndani, kipande kimoja cha ramu kibovu huweza kumwaga takataka za rangi kwenye kioo. Kompyuta iwashwe na kipande kimoja, kisha kingine. Windows 7 na zilizofuata zina kipimo chake cha kumbukumbu, na programu ya bure ya Memtest86+ hufanya kazi hiyo hata pale Windows isipoingia.

Milio nayo isikilizwe. Katika ubao mkuu wenye bayosi ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatiwa na miwili mifupi humaanisha tatizo la picha. Watengenezaji wengine hutumia milio tofauti au taa ndogo, na maana zake hupatikana katika kitabu cha mashine husika.

Umeme na kapasita

Baada ya vumbi na kutu huja suala la umeme. Nafasi ya kadi ya aina ya PCI Express hutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa waya maalumu kutoka pawasaplai: wenye pini sita hubeba hadi wati 75 nyingine, na wenye pini nane hadi wati 150. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi zilikuja na pawasaplai zisizozidi wati 300 kwa ajili ya mashine nzima.

Kijana anayenunua kadi kubwa ya mtumba kwa ajili ya michezo na kuichomeka katika kasha la ofisi, kwa hiyo, huweza kudhani ameuziwa kadi mbovu, kumbe pawasaplai ndiyo iliyoelemewa. Dalili yake ni kompyuta kuwa nzima kwenye kazi za maandishi na kujizima au kuganda mchezo unapoanza.

Umri hudhoofisha pia kapasita, vijipipa vidogo vinavyosimama juu ya ubao mkuu, kadi na pawasaplai ili kusawazisha umeme. Kati ya mwaka 1999 na 2007 dunia ilishuhudia wimbi la kapasita zenye kimiminika duni zilizofura na kupasuka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za Marekani kugharimia matengenezo yaliyotokana na kapasita hizo katika kompyuta zake za OptiPlex GX270 na GX280, ambazo zilitumika sana maofisini.

Kapasita nzima huwa na kichwa bapa. Iliyovimba juu, au iliyovuja uchafu wa kahawia, imekwisha. Fundi mzuri wa kulehemu anaweza kuibadilisha, mradi aweke yenye ujazo ule ule na voltiji isiyo pungufu. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi, kwani kapasita zake kubwa huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Ni rahisi na salama zaidi kujaribu nyingine nzima.

Kwa maeneo ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, stabiliza au UPS iliyo nzima ni bima ya mashine nzima, kadi ikiwemo.

Kadi 'iliyofufuliwa'

Lipo kundi la kasoro ambalo halitibiki kwa usafi. Chipu ya picha imeshikizwa kwa mamia ya vitone vidogo vya lehemu. Kila kompyuta inapowashwa chipu hupanuka kwa joto, na inapozimwa husinyaa. Baada ya maelfu ya mizunguko hiyo, baadhi ya vitone hupata nyufa. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa sababu ya udhaifu wa malighafi katika uunganishaji wa baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato, ushahidi kuwa tatizo hilo haliko kwa watengenezaji wadogo pekee.

Kutokana na hali hiyo ilizuka desturi ya kupasha kadi mbovu kwa upepo wa moto, au hata kuiweka kwenye oveni. Baadhi ya kadi huamka. Lakini joto hilo mara nyingi hurudisha mguso kwa muda tu, na kadi hufa tena baada ya siku au wiki. Oveni ya chakula isitumike kabisa, kwa sababu mvuke wa plastiki na kemikali za bodi ni sumu.

Mnunuzi wa kadi ya mtumba, iwe Kariakoo au kwingineko, anapaswa kukumbuka jambo hilo. Kadi inayowaka kwa dakika mbili dukani haijathibitisha lolote. Ni haki yake kuomba ifanyishwe kazi ya picha kwa nusu saa mbele yake, kuangalia kapasita na feni, kutazama kama kuna alama za kuungua kuzunguka chipu, na kupewa risiti yenye muda wa kurudisha. Ahakikishe pia kuwa inaingia katika nafasi aliyonayo, kwani mashine za zamani zaidi zina nafasi ya AGP, isiyopokea kadi za PCI Express.

Wakati wa kusema basi

Si kila mashine inastahili kutibiwa. Kwa duka la kuchapa barua, suluhisho la bei nafuu kuliko yote linaweza kuwa kuitoa kadi mbovu na kurudisha waya kwenye tundu la ubao mkuu, iwapo lipo. Chipu ya ndani inatosha kwa maandishi, intaneti na video za kawaida.

Kwa upande mwingine, gharama ya kadi, pawasaplai na kazi ya fundi ikikaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba iliyo mpya zaidi, fedha hizo zinakuwa zimetupwa. Itakumbukwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, masharti ambayo kompyuta nyingi kuukuu haziyatimizi. Kadi mpya haiwezi kuondoa kikwazo hicho, ingawa Linux inaweza kuirefushia mashine maisha.

Mashine inayoachwa nayo isichomwe moto wala kutupwa jalalani. Kioo cha monita ya chogo kina kiasi kikubwa cha madini ya risasi, na bodi za kompyuta zina metali na kemikali zinazodhuru udongo na maji. Ramu, diski, pawasaplai na feni zilizo nzima bado zina kazi mikononi mwa fundi, na vilivyobaki vipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wanaotambulika.

Kwa anayebaki na mashine yake, orodha inaweza kubandikwa ukutani kando ya meza: waya, monita, wakati kasoro inapoanza, draiva, vumbi, kadi na ramu, umeme. Kupiga Windows upya kunakuja mwisho, tena baada ya mafaili kunakiliwa. Atakayefuata mpangilio huo huenda bado akahitaji fundi, lakini atakwenda kwake akijua anachokwenda kutengenezewa.